Mguu wa Mashine Unamsikiliza Nani?

Shikamooni wakubwa zangu, vijana habari za saa hizi. Nimeombwa niongelee mashine zinazowatembeza watu waliopooza na hii programu ya kompyuta inayojifunza yenyewe, mtandao wa nyuroni. Najua humu ndani wengine mnatoka upande wa kompyuta, wengine fiziotherapia, na wengine mmekuja kwa sababu nyumbani kuna mtu. Basi nitaongea lugha tutakayoelewana wote, na pale nitakapokimbia sana mnisimamishe.

Naenda moja kwa moja kwenye jambo lenyewe. Watu wengi wakiona video ya mtu aliyepooza miguu kasimama ndani ya eksoskeletoni, yaani ile fremu ya kuvaa yenye mota kwenye nyonga na magoti, wanadhani ugumu wote upo kwenye nguvu. Nguvu ipo miaka mingi jamani. Pale Belgrade, kwenye Taasisi ya Mihajlo Pupin, Miomir Vukobratović na wenzake walikuwa wanatengeneza fremu za kutembeza waliopooza tangu mwishoni mwa miaka ya 60, zinaendeshwa kwa hewa iliyobanwa, na mwaka 1972 zikajaribiwa na wagonjwa kwenye kliniki ya mifupa ya mji huohuo. Zaidi ya miaka 50 hiyo. Kilichobaki kigumu mpaka leo ni mashine kujua huyu mtu anataka nini, sasa hivi, sekunde hii, anataka kupiga hatua au anataka kusimama tu aongee na jirani yake, na mimi leo nataka mtoke hapa mkiwa na swali hilo moja kichwani kila mkiona hizi mashine: inamsikiliza nani?

Kwanza tuelewane mwilini kumetokea nini. Mtu akiumia uti wa mgongo kifuani, ubongo wake mzima unafanya kazi, hamu ya kutembea ipo, amri inatoka kama kawaida, inashuka inafika pale palipokatika inaishia hapo. Chini yake misuli ipo hai, na kwa wengi hata mishipa ya fahamu inayotoka mgongoni kwenda mguuni ipo hai, ila hakuna amri inayofika. Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya watu milioni 15 duniani wanaishi na jeraha la uti wa mgongo, wengi wao ni ajali za barabarani na kuanguka. Wanaofanya kazi hospitali za MOI Muhimbili au KCMC Moshi hawahitaji kuambiwa hili, wanawaona, kijana wa bodaboda, mtu kaanguka kwenye mwembe au mnazi, mwenye nguvu zake kabisa, jana alikuwa anategemewa na familia nzima.

Sasa nitakaa kidogo Chicago, maana mfano wa kule ndio unaoonyesha vizuri kuliko yote ninayoijua. Chuo Kikuu cha Illinois pale Chicago kulikuwa na profesa wa uhandisi wa umeme anaitwa Daniel Graupe, na kifaa alichokitengeneza kinaitwa Parastep, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilikipitisha mwaka 1994. Parastep haina mota hata moja. Inatumia misuli ya mgonjwa mwenyewe. Unabandika elektrodi, yaani vibandiko vya kupitisha umeme, juu ya ngozi, kiboksi kidogo kinakaa kwenye mkanda kiunoni, kinapeleka umeme wa vipigo vifupi vifupi. Ukipeleka mbele ya mapaja magoti yananyooka na kukaza, mtu anasimama. Ukitaka hatua, unapeleka umeme kwenye neva, yaani mshipa wa fahamu, inayopita pembeni ya goti kwa nje, mwili unajibu wenyewe kwa kuvuta mguu juu, nyonga inakunja goti linakunja unyayo unanyanyuka kwa pamoja, ni ule mshtuko ambao hata mtu mzima wa afya anao akikanyaga kitu chenye ncha, basi hapo mguu ukiwa hewani unaukaza tena paja, unyayo unashuka mbele, hatua imepigwa. Mtu ameshika fremu ya kutembelea mikononi anajishikilia.

Sio kila aliyepooza anaweza kuitumia, na hili mliokuja kwa ajili ya mgonjwa mliskie vizuri. Kama neva za miguu zenyewe zimekufa umeme huo haufanyi kitu. Inafaa zaidi kwa walioumia usawa wa kifua na mikono yao ina nguvu. Na sio unavaa unatembea, bima ya serikali ya Marekani ilivyokubali kulipia ilitaka mgonjwa afanyishwe mazoezi na kifaa chenyewe mara zisizopungua 32 ndani ya miezi mitatu.

Haya, huyo mtu anaiambiaje Parastep sasa nataka mguu wa kulia? Kwa kubonyeza vitufe vilivyofungwa kwenye fremu aliyoishika. Kidole kikibonyeza hiki, hatua ya kulia, kile, ya kushoto, kingine, kaa chini. Inafanya kazi. Lakini fikiria mikono hiyohiyo ndio imebeba uzito wa mwili, ndio inasawazisha, na bado kila hatua iombewe ruhusa na kidole.

Graupe na mwenzake Hubert Kordylewski mwaka 1995 wakachapisha kitu ambacho mimi nakiona kizuri sana. Walisema, amri ya kutembea haifiki miguuni, sawa, lakini juu ya pale palipoumia bado inafika. Mtu akitaka kupeleka mguu wa kulia mbele, kabla hajapeleka, mabega na mgongo wa juu vinajiandaa, anaegemea kidogo, mkono unasukuma fremu. Misuli ile ikifanya kazi inatoa umeme mdogo sana ambao elektrodi ya juu ya ngozi inaweza kuunasa. Ukiuangalia kwa macho ule umeme kwenye skrini ni vurugu tupu, mistari inaruka ruka huoni kitu. Ila ndani ya ile vurugu kuna muundo, na muundo wa kusimama haufanani na wa hatua ya kulia, na wa kulia haufanani na wa kushoto. Ndio wakaweka mtandao wa nyuroni ujifunze kuitofautisha.

Kwa wasio wa kompyuta: mtandao wa nyuroni hauandikiwi sheria. Unaonyeshwa mifano mingi, huu umeme mtu alikuwa anataka kusimama, huu alikuwa anataka kutembea, ukikosea namba zake za ndani zinarekebishwa kidogo, unaonyeshwa tena, mpaka makosa yanapungua. Mama anajua kilio cha mwanae hiki cha njaa hiki cha usingizi, hakuna aliyemfundisha kwa kitabu, amekisikia mara nyingi na kila mara akaona kilichofuata. Na kama ilivyo kwa mama, anamjua wa kwake. Mtandao uliofundishwa kwa mgonjwa mmoja ukimvalisha mwingine unapotea, kwa sababu miili haifanani na majeraha hayafanani.

Kuna kazi ya pili ambayo mtandao wa Chicago ulipewa na watu huwa hawaisemi, uchovu. Misuli ikiamshwa kwa umeme wa nje inachoka haraka mno kuliko ikiamshwa na ubongo, sababu ubongo unaanza na nyuzi ndogo zinazovumilia na kupokezana, umeme wa nje unaziamsha zile kubwa zinazochoka upesi na unaziamsha zote kwa mpigo. Kwa hiyo dakika kadhaa zikipita umeme uleule uliokuwa unamsimamisha mtu hautoshi tena na goti linaanza kulegea. Mtandao ukawa unasoma umeme wa paja lenyewe linavyojibu, ukiona jibu linabadilika sura unaongeza kipimo kabla goti halijalegea. Yaani unasikiliza juu kujua mtu anataka nini, unasikiliza chini kujua mguu unaweza nini. Na hii ni kompyuta za 1995 hizo.

Sasa njooni kwenye shida, na hapa nyie wa kompyuta ndio nawataka. Mnapenda sana kuandika asilimia 95, asilimia 97, na kwenye kutambua picha za maua asilimia 95 ni sherehe. Chukua mtu anayetoka kitandani kwenda chooni na kurudi, tuseme hatua 40. Asilimia 95 maana yake hatua mbili kati ya hizo mashine imeelewa vibaya. Mbili kwa safari moja ya chooni! Na huyu ni mtu ambaye mifupa ya miguu yake imepungua uimara kwa kutobeba uzito miaka, akianguka anavunjika, na kwa sababu hana hisia anaweza asijue kwamba kavunjika mpaka aone mguu umevimba.

Alafu makosa hayalingani. Mtu akitaka hatua mashine isimpe, anarudia tena, anaudhika, basi. Mtu hataki hatua mashine ikanyanyua mguu, amekwenda chini. Kwa hiyo huwezi kuupima mtandao kwa namba moja ya usahihi, lazima uulize unakosea upande gani. Mtandao mzuri wa kazi hii ukisitasita unabaki pale ulipo, haubahatishi. Na juu yake kunawekwa sheria za kawaida kabisa zisizojifunza chochote, kwamba mguu huu haunyanyuki kama uzito haujahamia mguu ule, kwamba mota haizidishi nguvu kiasi fulani hata ikiambiwa. Mtandao unapendekeza, sheria inaruhusu au inakataa. Nimeona vijana wanaona kama kuweka zile sheria ni kushindwa, kwamba mtandao ungekuwa mzuri usingezihitaji, hapana wanangu, zile sheria ndizo zinazompa mtu ujasiri wa kuachia kiti.

Na data. Mtu aliyevaa elektrodi za mgongoni akikohoa, misuli ileile inawaka. Akicheka inawaka. Akigeuka kuitikia salamu inawaka. Kama uliufundisha mtandao wako kwa mtu aliyekaa kimya maabara anafuata maelekezo, siku ya kwanza nyumbani atapiga chafya na mguu utanyanyuka. Kwa hiyo unapokusanya mifano kusanya na vikohozi, kusanya vicheko, mwache aongee na simu, mwache apige miayo, zile zote ni mifano ya "hataki kutembea" na kwangu mimi zina thamani kuliko mifano elfu ya hatua safi. Jasho nalo. Elektrodi ikilowa mawimbi yanabadilika, na elektrodi iliyobandikwa leo haiwi palepale pa jana, kwa hiyo mtandao uliokuwa sawa jumatatu alhamisi unayumba. Kwa joto letu la Dar mwezi wa pili hilo sio jambo dogo hata kidogo.

Kwenye eksoskeletoni kuna mengine. Miguu iliyopooza inakakamaa ghafla yenyewe, misuli inajikaza bila amri. Mota inahisi kuna kitu kinaizuia. Ni kukakamaa, au ni unyayo umekwama kwenye kizingiti? Ikiwa ni kukakamaa usubiri upite, ikiwa ni kizingiti unyanyue zaidi, na ukichanganya ukalazimisha goti lililokakamaa kukunja unavunja mfupa.

Hizi eksoskeletoni mnazoziona zaidi, mfano ReWalk, nyingi zilianza bila mtandao wa nyuroni kabisa. Amit Goffer, injinia wa Israel aliyepata ajali mwaka 1997 akapooza, ndiye aliyeibuni. Ina kihisi cha mwinamo, ukiegemea mbele mashine inapiga hatua iliyopangwa tayari, unashika magongo mawili kwa kujisawazisha. Na Goffer mwenyewe hakuweza kuitumia, maana ajali yake iliathiri na mikono, hawezi magongo, akaja kubuni kingine cha kusimama na magurudumu. Mwingereza Claire Lomas alivaa ReWalk akamaliza marathoni ya London 2012 kwa siku zaidi ya kumi na tano, umbali ambao wengine wanaukimbia asubuhi moja, na mimi namheshimu sana yule mama kwa sababu alionyesha dunia kwamba inawezekana na akaonyesha hapohapo kwamba bado ni polepole. Marekani ikairuhusu itumike nyumbani mwaka 2014. Bei ambayo bima ya serikali ya kule imeiwekea mwaka 2024 ni kama dola 91,000. Na lazima uwe na urefu wa sentimita 160 mpaka 190 na uzito usiozidi kilo 100. Dada zetu wangapi hapa wanafika 160?

Kusikiliza kwenyewe kumefika mbali siku hizi. Grenoble, Ufaransa, timu ya Alim-Louis Benabid ilitoa matokeo 2019 ya kijana aliyepooza mikono na miguu baada ya kuanguka mita 15, wakamwekea vifaa viwili vyenye elektrodi 64 kila kimoja, vinakaa chini ya fuvu juu ya utando wa ubongo, anawaza kutembea na eksoskeletoni inatembea, ila imening'inizwa darini kwa usalama, yenyewe haikuweza kujisawazisha. Alafu 2023 Lausanne, Uswisi, mtafiti Grégoire Courtine na daktari wa upasuaji Jocelyne Bloch walifanya kazi na mgonjwa wao, Mholanzi Gert-Jan Oskam, aliyeumia kwenye ajali ya baiskeli China 2011. Huyu hakuvaa mota. Vifaa vilevile vya juu ya ubongo vinasoma nia, kompyuta ya kubeba mgongoni inatafsiri, kifaa kingine kwenye uti wa mgongo wa chini kinapeleka umeme, miguu yake mwenyewe inakwenda. Programu ya kutafsiri pale ilikuwa ya takwimu inayojirekebisha, sio lazima kila kinachojifunza kiwe mtandao wa nyuroni. Na angalieni alichosema Oskam: zamani alikuwa na kile cha mgongoni peke yake, na akasema wakati ule umeme ndio ulikuwa unamwendesha yeye, sasa yeye ndiye anauendesha. Na baada ya mazoezi akaweza kutembea kwa magongo hata kifaa kikiwa kimezimwa. Anapanda ngazi, anasimama anapotaka.

Mnaofuatilia habari mtaniambia kuna hii ya 2024, Hao Su wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina, mtandao uliojifunza wote ndani ya simulesheni ya kompyuta, mwili bandia na mashine bandia, alafu ukahamishiwa kwenye eksoskeletoni ya kweli bila kumchosha mtu kwa majaribio, na waliovaa wakapunguza nguvu wanayotumia kutembea kwa asilimia 24.3. Ni kazi kubwa na naipenda. Lakini waliovaa walikuwa watu wenye miguu mizima. Ule mtandao unausaidia mguu unaosukuma wenyewe. Mguu usiosukuma kabisa, unaokakamaa, wenye mfupa dhaifu, ni mwili mwingine na lazima uingizwe kwenye simulesheni kama ulivyo, wapo walioanza kufanya hivyo na hapo ndipo ningependa kuona nguvu za vijana zinaenda.

Vivyo hivyo macho ya mashine. Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada walikusanya mamilioni ya picha kwa kamera ya kuvaa kifuani ili mtandao ujifunze kutambua ngazi, mlango, sakafu tambarare, eksoskeletoni ijue kinachokuja mbele. Barabara za Kanada hizo. Mtandao huo haujawahi kuona mtaro usio na mfuniko Manzese, mchanga wa uani, ngazi ambazo kila kidato kina urefu wake, mkeka mlangoni na ndala kumi za wageni. Picha hizo hatuhitaji kumsubiri mtu wa nje atupigie, simu mnazo.

Kuna swali limeulizwa na dada pale nyuma, nalijibu. Ameuliza kama haya yanatuhusu sisi wakati wagonjwa wetu wanakufa kwa vidonda vya kulalia na maambukizi ya mkojo. Yanatuhusu, na godoro zuri, kugeuzwa kila masaa mawili na wilichea inayomfaa mtu vinakuja kwanza, na mtu yeyote anayeleta eksoskeletoni wodini wakati hivyo havipo nitambishia. Kwa hiyo nawapa pa kuanzia pa bei yetu. Mtu aliyepata stroku, yaani kiharusi, upande mmoja umelegea, unyayo haunyanyuki, vidole vinaburuza chini na anajikwaa. Tangu mwaka 1961 daktari mmoja anaitwa Liberson alishaonyesha dawa yake, swichi chini ya kisigino, kisigino kikinyanyuka umeme unakwenda kwenye neva ya pembeni ya goti, unyayo unapanda, kisigino kikigusa chini umeme unakatika. Swichi ile inachakaa na inakosea mtu akihamisha uzito tu bila kutembea. Ukiitoa swichi ukaweka kihisi kidogo cha mwendo kwenye muundi, cha aina ileile iliyomo ndani ya simu yako, mtandao mdogo sana wa nyuroni unaweza kutofautisha anatembea au anajigeuza tu, na unaenea kwenye chipu ya bei ndogo isiyohitaji intaneti. Ufundisheni mtandao huo kwa mama anayetembea na khanga na ndala kwenye mchanga. Mkianza na kuunganisha umeme kwa mtu, mhakikishe kuna daktari, kuna ruhusa ya kamati ya maadili, na kuna kitufe cha kuzima ambacho mkono wake mzima unakifikia. Wa fiziotherapia kaeni na wa kompyuta kabla hamjatoka humu ndani, muandikiane namba za simu.